Kabla hujaenda kulalamikia bei ya stima, pima barafu yako

Mimi ni mweka hazina wa ushirika mdogo wa wavuvi hapa Lamu. Mali yetu kubwa si mashua, ni mtambo wa barafu. Mara ya kwanza nilipohudhuria kikao cha maoni kuhusu bei ya stima, nilibeba bili tatu na hasira. Nikasema wavuvi wanaumia, nikaketi. Mzee mmoja wa ushirika wetu akaninong'oneza: "Mwanangu, umelia, hujasema."

Tangu siku hiyo nimejifunza kusema, na wenzetu wa Pate na Kizingitini huniuliza nafanyaje. Nafanya hivi.

Naanza kwa kutafuta ni kipi kilichopanda. Bei ya msingi ya uniti ndiyo inayopitiwa na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli nchini Kenya: kampuni ya kusambaza umeme hupeleka maombi, kwa kawaida kila miaka 3, na wananchi huitwa kutoa maoni. Gharama ya mafuta na ile ya kuyumba kwa shilingi ni mambo mengine. Hizo hubadilika mwezi kwa mwezi, hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na hakuna anayekuita kikaoni. Mvua ikikosa, mabwawa ya Mto Tana yakipungua, mitambo ya mafuta huwashwa na tokeni yako inanyauka. Ukienda kulalamikia hilo kwenye kikao cha bei ya msingi, watakusikiliza kwa adabu tu. Ila kumbuka: tozo ya asilimia 5 ya kupeleka umeme vijijini hukokotolewa juu ya bei ya msingi, na VAT ya asilimia 16 nayo inafuata. Msingi ukipanda, hizo zapanda nao.

Pili, pima. Hapa ndipo watu huchoka, na hapa ndipo penye nguvu. Kwa mwezi mzima nilisoma mita kila alfajiri kabla mashua hazijarudi, na kijana wetu wa mizani akaandika kilo za barafu. Tukapata uniti 90 kwa tani. Basi kila shilingi 1 inayoongezwa kwenye uniti ni shilingi 90 kwa tani yetu, kabla ya kodi. Hesabu hiyo inaingia kwenye mstari mmoja, na hakuna afisa anayeweza kuipuuza kama kilio. Usikopi yetu, mtambo wako una tabia yake, na kompresa kuukuu hula zaidi.

Kisha soma maombi yenyewe, hata kama ni kurasa nyingi za majedwali. Mimi hurukia sehemu mbili. Moja ni ununuzi wa umeme wa jumla kutoka KenGen, kampuni kubwa ya kuzalisha umeme nchini, na wazalishaji binafsi, kwa kuwa ndiko pesa nyingi zinakokwenda. Ipo mikataba inayolipia mtambo uwe tayari, stima yake itumike isitumike. Uliza ni kiasi gani. Nyingine ni stima inayopotea njiani. EPRA huweka kikomo cha upotevu unaoweza kutozwa wateja; uliza kama maombi yanataka kikomo hicho kipandishwe, na kwa nini wewe ulipie waya mbovu na wizi wa wengine.

Halafu omba kitu kimoja mahususi. Sisi tuliomba bei nafuu ya usiku, iliyowekewa viwanda vikubwa tangu Desemba 2017, itufikie na sisi wadogo, kwa sababu barafu yetu hugandishwa usiku.

Andika kurasa mbili, zisizidi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Mwaka mmoja hatukugonga, na karani fulani akatuambia barua yetu haikufika.

Uamuzi ukitoka, na hukuridhika, kuna Baraza la Rufaa la Nishati na Petroli, na muda ni siku 30 tu, kwa hiyo usingoje mkutano mkuu wa ushirika. Wanaosema mabaraza ni kupoteza wakati nawakumbusha Juni 2019, leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilipofutwa na baraza la mazingira. Sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Nakala yetu yenye muhuri iko kwenye faili la kijani, juu ya kabati, mbali na maji ya barafu.