Ukitaka kuelewa dini za kale anza na bucha

Wengi wakianza kusoma dini za kale wanakimbilia majina ya miungu, nani kamzaa nani, yupi wa radi yupi wa bahari, wiki mbili baadae wamechoka na bado hawajui mtu wa kawaida wa enzi zile alikuwa anaishije. Mimi nilipita hukohuko. Siku hizi nachukua waraka mmoja tu, mfupi, nakaa nao mpaka uanze kusema, na wa kuanzia ninaowapa watu ni barua ya Plinius Mdogo kwa kaisari Traianus wa Roma, ya karibu mwaka 112, anauliza awafanyeje watu walioshtakiwa kuwa Wakristo. Iko kwenye kitabu cha 10 cha barua zake, namba 96, na jibu la kaisari ni 97. Fupi sana, unazimaliza kwenye daladala.

Kosa la kwanza ni kurukia kwenye Wakristo. Subiri kwanza, muulize mwandishi ni nani. Plinius ni seneta, mwanasheria, ana hela zake, katumwa kuwa gavana wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo (kama umewahi kufungua Waraka wa Kwanza wa Petro majina hayo umeyakuta mstari wa kwanza kabisa), na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kunyoosha mahesabu ya miji yaliyovurugika. Sasa mtu wa hivyo akimwandikia bosi wake anataka aonekaneje? Liandike hilo swali pembeni, utalirudia.

Halafu chukua penseli upige mstari chini ya kila kitu unachoweza kukishika au kukila. Mambo ya imani yaache kwanza. Utapata ubani na divai, ambavyo washtakiwa waliokana kuwa Wakristo walitakiwa kuvitoa mbele ya sanamu ya kaisari na kisha wamlaani Kristo. Utapata karatasi yenye majina ya watu, imeletwa bila jina la aliyeileta. Utapata hao Wakristo wanaokutana kabla hakujapambazuka, wanaimba, wanakula kiapo kwamba hawataiba wala kuzini, baadae wanakutana tena kula chakula cha kawaida tu. Na mwishoni kabisa, pale ambapo msomaji mwenye haraka ashafunga kitabu, utapata nyama.

Hapo kwenye nyama usipite haraka. Plinius anasema mahekalu yaliyokuwa karibu yabaki matupu yameanza kujaa tena, na nyama ya wanyama wa sadaka inauzika kila mahali wakati kabla ya hapo wanunuzi walikuwa wa kutafuta. Yaani hekalu la kale halikuwa mahali pa kusali tu, nyuma yake kuna mfugaji, kuna mchinjaji, kuna muuza nyama, na watu wakiacha kutoa sadaka kuna mtu anakosa hela ya matumizi. Ndo maana Paulo ilibidi awaandikie Wakorintho kuhusu nyama ya sokoni, na ndo maana kule Efeso kwenye Matendo 19 anayeanzisha vurugu ni Demetrio mfua fedha, mtengeneza vihekalu. Wanahistoria wengine wamehisi hata waliowashtaki hao watu wa Bithinia walikuwa wafanyabiashara wa aina hiyo, ila barua yenyewe haisemi, kwa hiyo iandike kwa penseli, usitumie kalamu ya wino.

Sasa lirudie lile swali la pembeni. Anayesema mahekalu yalikuwa karibu matupu ndiye huyohuyo anayetaka kaisari aone hatua zake zimeleta matunda. Kila mwenye kuandika ripoti ya kazi anaujua huo mchezo, hali ilikuwa mbaya sana kabla sijafika. Mimi nyama naiamini kuliko neno "matupu".

Kitu kingine, usisome barua moja peke yake kama mtoto yatima. Rudi nyuma namba 33 na 34. Mji wa Nicomedia, humohumo kwenye jimbo lake, umeungua vibaya, Plinius anaomba kuunda kikosi cha zimamoto, watu 150 tu, anaahidi atawasimamia. Traianus anakataa! Vyama vya namna hiyo vimeshasumbua sana huko, anasema, wapewe vifaa vya kuzimia moto inatosha. Ukishasoma hiyo ndo unaelewa kwa nini wale waimbaji wa alfajiri waliacha kula pamoja baada ya gavana kupiga marufuku vyama. Dola iliyokuwa imejaa vyama vya mafundi na vya kuzikana ilikuwa inaviogopa pia, na nadhani sisi tunaotenganisha dini huku na siasa kule tungemchekesha Plinius.

Angalia pia nani hasikiki. Kuna wanawake wawili watumwa, wenzao wanawaita wahudumu, Plinius kawatesa ili waseme kweli. Majina hayapo, maneno yao hayapo, tunapewa tu uamuzi wake kwamba hakukuta kitu zaidi ya ushirikina uliopitiliza. Lakini ona, kumbe kundi lile lilikuwa na watumwa wa kike wenye cheo. Hilo limemponyoka tu gavana, na vitu vya kuponyoka ndivyo vitamu.

Ukimaliza, linganisha na waraka usioandikwa na bwana mkubwa. Mwaka 250, chini ya kaisari Decius, watu waliamriwa watoe sadaka kwa miungu, na huko Misri vimebaki vyeti zaidi ya 40 vya papairasi (karatasi za kale za mafunjo), maneno yanakaribia kufanana kama fomu: siku zote nimetoa sadaka, na sasa mbele yenu nimemwaga kinywaji na kuonja nyama, naomba mthibitishe. Kimoja ni cha Aurelius Diogenes, miaka 72, ana kovu kwenye nyusi ya kulia. Kingine ni cha kuhani mwanamke wa mungu mamba Petesouchos, naye kapanga foleni kuthibitisha kwamba anaabudu miungu. Anza na huyo mama, jiulize kwa nini hata yeye alihitaji cheti.