Jinsi ya kufuatilia ukoo hadi kwa Waloyalisti wa Kanada

Ukiwa umeoa au kuolewa Ontario, Nova Scotia au New Brunswick, ipo siku mkweo atakwambia kuwa ukoo wao ni wa Waloyalisti. Yaani mababu zao walibaki upande wa Mfalme wa Uingereza makoloni 13 ya Marekani yalipoasi, kati ya 1775 na 1783, na upande wao uliposhindwa wakaacha mashamba na nyumba wakahamia kaskazini. Walikuwemo Waingereza, Waskoti, Wajerumani wa New York, Wamohawk (wenyeji asilia) waliomfuata kiongozi wao Joseph Brant, na watu weusi waliotoroka utumwani baada ya jeshi la Uingereza kuwaahidi uhuru. Watoto wenu wana haki ya kuijua habari hiyo kwa ushahidi, na ushahidi upo, mwingi wake bure mtandaoni. Hivi ndivyo ninavyoifanya kazi hii.

Hatua ya 1: Anza na walio hai

Wengi huanzia juu. Wanaona jina la ukoo wao kwenye orodha ya Waloyalisti, wanalishika, kisha wanatafuta njia ya kushuka nalo hadi nyumbani. Usifanye hivyo. Majina kama John Smith yalijirudia mno, na ukimchukua asiyekuhusu utafuatilia ukoo wa watu wengine bila kujua. Anza na mkweo mwenyewe, kisha panda kizazi kimoja kimoja. Hadi kufika 1783 kwa kawaida ni vizazi saba hadi tisa, na kila mtoto lazima awe na karatasi inayomtaja mzazi wake. Mti wa ukoo uliowekwa mtandaoni na mtu mwingine ni fununu tu; usiuhesabu kuwa ushahidi.

Kaa na wazee mapema. Omba Biblia ya familia, geuza picha za zamani usome nyuma, kusanya matangazo ya misiba yaliyokatwa magazetini. Ulizia hasa majina ya ukoo ambayo akina bibi walizaliwa nayo, kwa sababu hayo ndiyo hupotea kwanza.

Hatua ya 2: Panda hadi 1851

Sehemu hii ni rahisi. Ontario ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo Julai 1869. New Brunswick ilianza 1888. Nova Scotia ilianza 1864, lakini iliacha kuandikisha vizazi na vifo kuanzia 1877 hadi 1908, kwa hiyo usitarajie sana kukuta cheti cha mtu aliyezaliwa huko 1890. Nenda kwenye daftari la ubatizo. Tovuti ya FamilySearch na hifadhi za nyaraka za mikoa hiyo zinakuruhusu kuona nyingi bila malipo.

Kwa Ontario na New Brunswick, sensa ya 1851 inataja kila mtu nyumbani kwa jina; ya Nova Scotia inataja wakuu wa kaya tu. Ila kuwa mwangalifu: uhusiano wa mtu na mkuu wa kaya ulianza kuandikwa kote nchini katika sensa ya 1891. Kabla ya hapo, kwa kawaida mtoto unayemwona chini ya jina la mwenye nyumba anaweza kuwa mpwa, yatima aliyelelewa, au kibarua.

Hatua ya 3: Maombi ya ardhi, hasa ya mabinti

Hapa ndipo penye kazi. Kati ya 1783 na 1850 hakuna vyeti vya serikali, na makanisa yalikuwa machache. Lakini serikali ilikuwa inagawa ardhi, na mwomba ardhi hujieleza. Novemba 9, 1789, Lord Dorchester, gavana aliyewahi kuongoza jeshi la Uingereza New York akiitwa Sir Guy Carleton, aliagiza majina ya Waloyalisti yaandikwe na watoto wao wapewe ekari 200 kila mmoja: wa kiume akifikia utu uzima, wa kike akifikia utu uzima au akiolewa. Ili apewe, mtoto alipaswa kuonyesha baba yake ni nani. Kwa Ontario, nimeona mafumbo mengi yakifumbuliwa hapa.

Maombi hayo yako Library and Archives Canada, hifadhi ya nyaraka ya taifa, katika mkusanyiko wa Upper Canada Land Petitions (Upper Canada ndilo jina la zamani la Ontario). Ingiza jina kwenye faharasa yao ya mtandaoni, unakili mwaka, bunda, namba ya ombi na namba ya mikrofilamu. Binti aliyeolewa mtafute kwa jina la mumewe. Jaribu na tahajia tofauti, kwa maana karani aliandika alivyosikia, na majina ya Kijerumani ndiyo yaliyoumia zaidi.

Ombi la binti huwa fupi. Anataja jina lake na la mumewe, kata wanayokaa, kisha anasema yeye ni binti wa fulani, Mloyalisti, na kwamba hajawahi kupokea ardhi yoyote ya Mfalme. Chini kuna saini, au alama ya msalaba kwa asiyejua kuandika. Usiishie hapo. Fungua picha inayofuata, uone mgongo wa karatasi: karani ameandika tarehe ombi lilipopokewa na liliposomwa barazani, na mara nyingi kama jina la baba limo katika orodha rasmi ya Waloyalisti, iitwayo orodha ya U.E. Mstari huo mmoja unaweza kukuunganishia vizazi viwili na kukuthibitishia Mloyalisti mwenyewe kwa pamoja. Nazithamini hati hizi kuliko zote, maana mwanamke ambaye kwingineko ni mke wa fulani tu, humo anajitaja yeye na baba yake.

Usipopata ombi, tafuta wasia na hati za kuuziana mashamba. Baba akimuuzia mwanawe shamba, hati mara nyingi husema hivyo.

Hatua ya 4: Thibitisha kuwa kweli alikuwa Mloyalisti

Kufika Ontario zamani hakutoshi. Walowezi wengi waliingia kutoka Marekani katika miaka ya 1790 kufuata ardhi, na hao hawahesabiwi. Tafuta orodha za askari wa vikosi kama Butler's Rangers au King's Royal Regiment of New York, orodha za mgao wa chakula katika karatasi za Haldimand, gavana wa Quebec wakati wa vita, na madai ya fidia yaliyowasilishwa kwa serikali ya Uingereza, mafungu ya AO 12 na AO 13 katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza huko Kew, London. Madai yana utamu wake: mtu anaorodhesha ng'ombe, ghala na vyombo alivyopoteza. Ukikuta neno "servants" katika orodha hizi, lisome kwa makini. Waloyalisti wengi walikuja na watumwa, na mara nyingi waliandikwa kwa neno hilo.

Hatua ya 5: Ukoo wa Waloyalisti weusi

Msingi ni daftari la 1783 liitwalo Book of Negroes, lililoandikwa New York meli zikipakia, kwa kuwa Wamarekani walikuwa wakidai "mali" yao. Lina watu wapatao 3,000: jina, umri, maelezo ya mwili, meli, inakokwenda, na aliyekuwa akimmiliki. Hifadhi ya Nyaraka ya Nova Scotia imeliweka mtandaoni. Humo yumo Harry Washington, miaka 43, aliyemtoroka Jenerali George Washington mwenyewe na kupanda meli L'Abondance. Herufi GBC zikiwa katika maelezo, maana yake alikuwa na cheti cha kuthibitisha uhuru kilichotolewa na Jenerali Birch wa jeshi la Uingereza. Wengine humo walikuwa bado ni watumwa wa Waloyalisti weupe, kwa hiyo soma safu zote.

Kisha linganisha na orodha ya 1784 ya Birchtown, makazi ya Waloyalisti weusi karibu na Shelburne, Nova Scotia. Tafuta majirani wa melini pia, si jina moja tu, kwa sababu waliosafiri pamoja mara nyingi walikaa pamoja. Na jina likitoweka baada ya 1791, usiandike kuwa amefariki. Januari 15, 1792, karibu watu 1,200 waliondoka Halifax kwa meli 15 kwenda kuanzisha Freetown, Sierra Leone, Harry Washington akiwa mmoja wao. Uzao wao umo miongoni mwa Wakrio hadi leo, na huenda mkweo ana ndugu huko.

Hatua ya 6: Peleka maombi ya cheti

United Empire Loyalists' Association of Canada, chama cha wazao wa Waloyalisti, hutoa vyeti vya kuthibitisha uzao huo kupitia matawi yake. Mtaalamu wa nasaba wa tawi hukagua kwanza, kisha wa makao makuu. Panga karatasi kwa vizazi, kila ukurasa ukiwa na namba na mahali ulipoupata, na pigia mstari jina la mtoto na la mzazi. Pale ambapo hakuna hati ya moja kwa moja, andika ukurasa mmoja wa hoja: ushahidi gani mdogo mdogo unakubaliana, na kwa nini mwenye jina kama hilo wa kata jirani siye. Tuma nakala, hati halisi zibaki nyumbani.