Somo: Kununua gari lililotumika hapa Lubumbashi, na saa ya kurudisha funguo

Kwa miezi kadhaa sasa ninatumiwa picha za magari yaliyooshwa yakang'aa, chini yake pameandikwa: "Yaya (yaani kaka mkubwa), hili ni zuri?" Picha haisikiki injini yake wala hainuki moshi, kwa hiyo jibu langu huwa halimsaidii mtu. Leo ninaandika mara moja, kwa urefu, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mimi si fundi. Nimenunua magari manne katika mji huu, moja kati yake vibaya sana, na nimewasindikiza ndugu na majirani kuyatazama mengi ambayo hatukuyanunua.

Hatua ya kwanza. Kabla hujaliona gari lolote, andika kwenye karatasi bei ambayo hutaivuka, fedha utakayoiweka kando kwa ajili ya matengenezo na hati (mimi hutenga sehemu moja ya tano), na kasoro ambazo zikionekana utaondoka bila kujadili bei. Yaandike ukiwa nyumbani, kwa sababu mtu akishaketi nyuma ya usukani na kusikia redio ikilia, moyo wake huanza kumtetea muuzaji.

Hatua ya pili. Nenda mchana, siku isiyo na mvua. Maji juu ya bati huficha mikwaruzo na rangi iliyopakwa upya.

Hatua ya tatu: ikute injini ikiwa baridi. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda. Mwaka 2017 nilikwenda kutazama RAV4 mtaani Bel-Air. Nilipoweka kiganja juu ya kapo (boneti) la injini nilisikia joto, na muuzaji akasema ametoka tu kwa kwado, fundi wa matairi, kujaza upepo. Nilijua maana ya joto lile. Nilibaki kwa sababu bei ilikuwa dola mia mbili chini ya gari jingine nililoliona juma lile, na nilikuwa nimeshawaambia watu wa nyumbani kwamba leo ninarudi na gari. Injini yenye moto huwaka kwa urahisi, moshi wake wa kwanza umeshatoka bila shahidi, na kifuniko cha radiateri hakifunguliki bila kujiunguza. Siku ya tisa, nikielekea Likasi nyuma ya malori ya shaba, sindano ya joto ilipanda, maji yakachemka, na fundi alipoifungua injini alinionyesha gasketi iliyoliwa, pamoja na kilasi (kichwa cha injini) kilichopinda. Matengenezo yalikula zaidi ya robo ya bei niliyolinunulia.

Basi fanya hivi. Jioni ya kuamkia siku hiyo mwombe muuzaji asiliwashe gari, kisha ufike nusu saa kabla ya muda mliokubaliana na uguse kapo pamoja na mpira wa juu wa radiateri. Vikiwa na moto, mwambie kwa heshima kwamba utarudi kesho. Kesho ukivikuta tena na moto, usirudi kamwe. Vikiwa baridi, fungua kifuniko cha radiateri. Maji yawe na rangi ya dawa ya kupozea injini, kwa mfano kijani, nyekundu au waridi. Wengi wetu hapa hutia maji ya bomba, na hilo peke yake si sababu ya kuondoka, lakini kutu nzito au utando wa mafuta juu ya maji ni sababu tosha. Fungua pia kifuniko cha mafuta ya injini utazame upande wake wa ndani: ukikuta ute mweupe kama maziwa yaliyoganda, maji huenda yanaingia kwenye mafuta. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba, gari linalofanya safari fupi tu huweza kuwa na ute kidogo chini ya kifuniko bila ugonjwa wowote, kwa hiyo chomoa na kijiti cha kupimia mafuta. Kama na chenyewe kina rangi ya chai ya maziwa, shaka imekwisha.

Sasa mtu mwingine aliwashe gari, wewe ukiwa umesimama nyuma. Moshi wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua. Moshi mweusi ni esanse (petroli) nyingi kupita kiasi. Mweupe unaotoweka baada ya dakika chache ni mvuke wa asubuhi, lakini mweupe mzito usiokoma ni maji yanayoingia mahali pa moto. Kifuniko cha radiateri kikiwa bado wazi, tazama kwa upande, uso wako ukiwa mbali: mapovu yanayotoka mfululizo yanamaanisha kwamba gesi ya mwako inapita kwenye gasketi. Kirudishe kifuniko kabla maji hayajapata moto. Ninarudia kwa ajili ya wale wanaosoma haraka: radiateri yenye moto haifunguliwi, kwa kitambaa wala bila kitambaa, kwa kuwa mvuke wake huchuna ngozi ya uso.

Hatua ya nne: mwili na nambari ya shasi. Nambari iliyogongwa kwenye chuma, ile ya kibati cha chumba cha injini na ile ya hati lazima ziwe moja. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana nambari ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana herufi chache na tarakimu zilizotenganishwa kwa kistari, kwa hiyo ufupi wenyewe usikutishe. Kinachotisha ni chuma kilichokwaruzwa, rangi mpya mahali pale tu, au alama za kulehemu kuizunguka nambari. Ukiona hivyo, rudisha funguo. Usiombe kupunguziwa bei, kwa maana gari la wizi halina bei nzuri.

Tazama pia kama usukani umehamishwa. Tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yanayotufikia kupitia Zambia yana usukani wa kulia, na wapo wanaoyageuza ili yauzwe ghali zaidi. Inua zulia karibu na pedali utafute matundu yaliyozibwa na chuma kilicholehemiwa, kisha washa vifuta-kioo: mara nyingi waliohamisha usukani hawakuvihamisha, navyo bado vinafagia kwa ajili ya dereva wa upande wa pili. Mimi ningechagua usukani wa kulia uliowekwa na kiwanda kuliko wa kushoto uliolehemiwa uani.

Hatua ya tano. Liendeshe kwa nusu saa, si kuzunguka nyumba tu. Kama ni otomatiki, kanyaga breki, toka R (kurudi nyuma) kwenda D (kwenda mbele), na uhesabu: likichelewa sekunde mbili au tatu kisha likagonga, sanduku la gia limechoka. Kata usukani hadi mwisho na uende polepole. Mlio wa tak-tak-tak kutoka kwenye gurudumu ni ekseli zilizoisha. Mwishoni liache likiunguruma kwa dakika kumi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, nawe uitazame sindano ya joto bila kuzungumza na mtu.

Hatua ya sita. Carte rose, yaani kadi ya usajili wa gari, iwe na jina la mtu aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake. Komisionere (dalali) anaweza kukuleta kwenye gari, lakini hauzi gari. Mwenyewe asipoonekana, hakuna biashara. Gari lililoingia karibuni liwe na hati za DGDA, idara yetu ya forodha, pamoja na risiti za malipo. Gari lenye nambari ya Zambia linalouzwa kwa bei ya ajabu mara nyingi ni rahisi kwa sababu ushuru wa Kasumbalesa, mpakani mwetu na Zambia, haujalipwa, na atakayeulipa ni wewe.

Hatua ya saba. Lipeni mbele ya mashahidi, mwandikiane hati ya mauzo yenye nambari ya shasi, na uipeleke kwa notari. Kagua noti zako za dola nyumbani, maana noti yenye mchaniko mdogo itakataliwa, na biashara ya saa tatu itakwama kwa sababu ya karatasi moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kampemba: Jambo yaya. Vitz ya mwaka 2008 ni bei gani?

Jibu: Sijaiona. Soma hatua ya kwanza.

Mwanachama wa Kampemba: Lakini kwa kukadiria tu?

Jibu: Magari mawili ya mwaka mmoja, moja la mwalimu na moja la taksi, hayana bei moja. Sikadirii.

Dada wa Ruashi: Asante kwa somo, yaya. Nimeona IST ambayo kihesabu chake kinaonyesha kilomita 62,000, lakini mpira wa pedali ya breki umeliwa upande mmoja hadi chuma kinaonekana. Je, inawezekana kihesabu kimerudishwa nyuma?

Jibu: Dada yangu, umetazama mahali sahihi, na mimi ningekuwa na shaka kama wewe. Pedali, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva huzeeka pamoja. Kimoja kikikanusha kihesabu, chunguza vingine. Njia iliyo bora zaidi ni kuomba cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani. Kule gari jipya la abiria hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi huandikwa kwenye cheti hicho. Kama lilipita mnadani, karatasi ya mnada nayo ina kilomita na alama ya hali ya gari. Herufi R mahali pa alama humaanisha kwamba liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Linganisha nambari ya shasi kwanza, kwa sababu karatasi halisi ya gari jingine nayo ni uongo.

Mwanachama wa mtaa wa Golf: Unawatisha watu bure. Mimi nilinunua gari lenye injini ya moto na mwaka wa tatu sasa linatembea.

Jibu: Ninafurahi kwa ajili yako. Sikusema kwamba kila injini yenye moto ni mbovu. Nilisema kwamba huwezi kujua, na mimi nililipa kwa kutojua. Kama hatua ya tatu ilikuchosha, unaruhusiwa kuiruka.

Dereva wa taksi, Katuba: Ongeza matairi, mzee. Watu hutazama meno ya tairi tu, wakati kwado huweza kuyachonga upya kwa kisu.

Jibu: Umesema kweli, nami nilisahau. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la miaka kumi lenye meno marefu bado ni tairi la miaka kumi.

Dereva wa taksi, Katuba: Na taa pia. Gari la usukani wa kulia linamulika zaidi upande wa kushoto, ndiko wanakotoka wenzetu tunaopishana nao. Usiku, barabara ya Kasumbalesa, unawapofusha. Afadhali kutafuta taa za upande wetu, au angalau kuziinamisha kidogo.

Mwanachama wa Kenya (komini ya hapa Lubumbashi): Yaya, nimeshatoa avansi (malipo ya awali) ya dola 300, na jana niliona kwamba nambari ya shasi imekwaruzwa. Nikiacha, fedha zangu zinapotea. Nifanye nini?

Jibu: Acha. Dola 300 zinauma, lakini gari hilo likikamatwa utapoteza gari, bei yote, na siku zako za kueleza ulilipata wapi. Rudi kwa muuzaji pamoja na shahidi aliyekuwepo ulipotoa avansi, mwonyeshe nambari, na uombe fedha zako bila kelele. Je, mliandikiana?

Mwanachama wa Kenya: Tuliandikiana, lakini hatukuandika nambari ya shasi.

Jibu: Nenda na karatasi hiyo hiyo. Ukimkuta mkali, usibishane uani kwake. Nenda kwa mkuu wa mtaa.

Mwanachama wa Kenya: Nimetoka huko. Amerudisha 200, zilizobaki amesema mwisho wa mwezi.

Jibu: Chukua hizo 200, na zilizobaki aziandike leo.

Mama wa Kamalondo: Sina fedha za kumlipa fundi wa kunisindikiza. Naweza kwenda na dada yangu ambaye hajui magari?

Jibu: Mpeleke, mama. Mwezi uliopita nilimsindikiza shemeji yangu kutazama Noah, mimi nikiwa nimeinama kwenye injini na kujiona mjuzi. Mke wangu, asiyeendesha, aliketi nyuma akasema ndani mnanuka kama gunia la mkaa lililolowa. Tulivuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake, na hapo pasipofikiwa na mtu anayeosha gari palikuwa na mstari wa tope, alama ya gari lililowahi kuingiwa na maji ya mafuriko.

Mama wa Kamalondo: Muuzaji alisema nini?

Jibu: Alisema ni vumbi. Shemeji alimrudishia funguo, tukapanda basi.