Namna ya Kulielewa Neno "Vodevili"

Ukikutana na neno vaudeville, ambalo hapa nitaliandika vodevili, usikimbilie kulitafsiri kabla ya kutazama habari hiyo ni ya nchi gani na ya mwaka gani, kwa kuwa neno hilo limewahi kubeba maana tatu.

Ikiwa habari ni ya Ufaransa ya karne ya 16, elewa kwamba ni wimbo. Kuhusu asili yake, wengi hulihusisha na vau de Vire, yaani bonde la Vire huko Normandy, ambako Olivier Basselin, fundi wa kusafisha nguo za sufu katika karne ya 15, husemekana alitunga nyimbo za ulevini zenye kejeli. Wengine huanzia voix de ville, "sauti ya mji", jina lililotumiwa na Jehan Chardavoine katika mkusanyiko wa nyimbo aliouchapisha Paris mwaka 1576. Yatamke yote mawili kwa haraka: vo-de-vir, vwa-de-vil. Sisi tuliokua na watu wanaochanganya r na l hatuoni ajabu moja kumezwa na jingine, na kwa maoni yangu ni busara kuyataja yote mawili badala ya kuchagua.

Katika karne ya 18 maana ilihamia kwenye mchezo mwepesi wa kuigiza uliotiwa nyimbo za maneno mapya kwa mahadhi ambayo watazamaji waliyajua tayari, na mwaka 1792 Paris ilipata ukumbi wenye jina hilo, Théâtre du Vaudeville.

Habari ikiwa ya Marekani kuanzia miaka ya 1880, sahau mchezo wenye kisa kimoja. Tarehe 24 Oktoba 1881 Tony Pastor, mwimbaji na mwandaaji wa maonyesho, alianza New York onyesho lisilo na matusi, ambalo mtu angeweza kumpeleka mkewe na watoto, na vodevili ya Marekani ikawa ni mwimbaji, mchekeshaji, mwanasarakasi na hata mbwa waliofunzwa, wakipokezana jukwaa kwa dakika chache. Hapa andika "onyesho mseto". "Tamthilia" ni kosa. Aliyewahi kuhudhuria usiku wa kikundi cha sanaa cha Tanzania One Theatre, wenye ngoma, sarakasi, vichekesho na taarabu kwa kiingilio kimoja, atapata picha mara moja, ingawa maonyesho yale hayakutokana na vodevili.