Friza ikiungua, fundi asiiguse kwanza

Nauza barafu za ukwaju na samaki wa kugandisha hapa Maweni, Malindi. Friza niliyoinunua 42,000 ilizima wiki ya tatu tu, kilo 20 za tafi na changu zikaoza. Mwenye duka akaninyooshea kidole kibao chake ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Nilirudi mikono mitupu. Sikujua kibao kile hakimwokoi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa alichouza, hata asipoandika neno, na Katiba, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya fidia kwa hasara iliyoletwa na kasoro.

Lakini haki bila ushahidi ni kelele za sokoni, na ushahidi wangu niliuharibu mwenyewe: nilimwita fundi. Akafungua nyuma, muuzaji akapata la kusema, "Mmeichokora." Wewe chomoa waya, basi. Piga picha kibandiko chenye namba ya mashine, alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), na samaki wakiwa juu ya mizani kabla hujawatupa (shika pua). Risiti za mashine hufifia kwa joto letu hili, kwa hiyo ipige picha siku ile ile ya kununua. Yangu iliandikwa "vyombo", basi! Kilichonifaa ni ujumbe wa M-Pesa. Usiufute.

Tena ukiwa bado dukani, tuma SMS yenye SM# na namba iliyo chini ya alama ya KEBS kwenda 20023, uone kama ni alama ya kweli.

Kisha andika barua, nakala mbili: tarehe, kasoro, unachodai, na siku 14 za kujibu. Asaini nakala yako. Matusi yaache nyumbani.

Akinyamaza, nenda masjala ya mahakama uulizie Mahakama ya Madai Madogo. Zamani kikomo chake kilikuwa shilingi 200,000. Mwaka 2020 kikapandishwa hadi 1,000,000. Wakili si lazima, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa.

Mimi sikufika huko. Siku ya 12 kijana wa duka alikuja na mkokoteni, friza nyingine juu yake. Pesa za samaki bado ananizungusha, na barua ya pili nimeshaiandika.