Namna ya Kutazama American Chopper kwa Jicho la Fundi

Anayetaka kujifunza ufundi kutokana na American Chopper, mfululizo wa televisheni kuhusu utengenezaji wa choppa, yaani pikipiki za umbo refu zinazoundwa kwa oda, ulioanza kuoneshwa na Discovery Channel mwanzoni mwa miaka ya 2000, aanze na vipindi vya awali, ambamo Paul Teutul mzee na mwanawe Paul mdogo bado wanafanya kazi pamoja katika karakana ya Orange County Choppers, jimboni New York. Kinachofaa zaidi ni kile cha pikipiki ya kuwaenzi wazimamoto waliofariki katika mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001.

Tazama kwanza fremu ikiwa tupu. Angalia jinsi shingo yake, yaani sehemu ya mbele inayoshika uma wa gurudumu la mbele, ilivyolazwa, kwa kuwa ulalo huo ndio unaosogeza gurudumu la mbele mbali na injini na kuipa choppa umbo lake refu. Ukisimamisha video hapo, utaelewa pia kwa nini pikipiki ya namna hiyo hukata kona kali kwa shida. Kisha fuatilia tangi na madigadi: bati hukatwa, hukunjwa, hushikizwa kwa nukta chache za kuchomelea, hupimwa tena juu ya fremu, na ndipo huchomelewa kikamilifu. Pikipiki nzima huunganishwa kabla ya rangi, ikafunguliwa, ikapakwa, ikaunganishwa upya, kazi ambayo kamera huipitia haraka mno.

Ugomvi wa baba na mwana, uliofikia mwana kufukuzwa kazi mwaka 2008, unaweza kuuruka bila hasara, isipokuwa pale wanapobishania muda wa kukabidhi kazi, kwani hapo utaona jinsi tarehe ya mteja inavyoamua nini kitengenezwe na nini kiachwe.