Kupanga Shahada ya Uzamili kwa Mwalimu wa Hisabati Nchini Uganda: Anzia Mwisho, Fuata Mihula ya Shule

Mwalimu wa hisabati anayesoma uzamili huku akifundisha kwa kawaida hakwami kwenye masomo ya darasani. Mwaka wa kwanza una ratiba, mitihani na wenzako wa kukusukuma, ilhali mwaka wa pili, ambao ni wa utafiti, hauna kengele. Kwa sababu hiyo mpango ninaowapendekezea walimu wenzangu unaanzia siku ya kukabidhi tasnifu na kurudi nyuma hadi leo, na unafuata kalenda ya mihula mitatu ya shule zetu zaidi ya kalenda ya chuo.

Hatua ya 1: Amua unasoma hisabati au ufundishaji wake

Uzamili wa hisabati yenyewe utakurudisha kwenye aljebra dhahania, nadharia ya vipimo na uthibitisho mrefu, na unamfaa anayetaka baadaye kufundisha chuo kikuu. Uzamili wa elimu unaolenga hisabati unahusu namna wanafunzi wanavyojifunza, mitaala na upimaji, na data yake iko shuleni unakofanya kazi. Kabla ya kulipia fomu, ingia kwenye tovuti ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, yaani NCHE, uthibitishe kwamba programu unayoitaka ina ithibati ambayo haijaisha muda. Haitoshi kwamba chuo chenyewe kinatambulika. Ukivutiwa na ufadhili wa AIMS, yaani Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, mjini Kigali, fahamu kwamba masomo yake ni ya bweni na ya muda wote, hivyo itakubidi uache darasa kwa kipindi hicho.

Hatua ya 2: Chora kalenda kinyumenyume

Tuseme unaanza masomo Agosti 2026 na unataka kukabidhi tasnifu kabla ya Septemba 2028. Kuanzia Juni hadi Agosti 2028 utakuwa unaandika sura za mwisho na kusahihisha. Likizo ya Mei itakuwa ya kuchambua data. Kwa hiyo data lazima ikusanywe kati ya mwisho wa Februari na Aprili 2028. Ili vibali viwe mkononi Januari, ombi kwa kamati ya maadili ya utafiti liwasilishwe kufikia Septemba 2027, na pendekezo la utafiti liwe limeshatetewa kabla ya hapo. Ukihesabu hivyo utaona kwamba rasimu ya pendekezo inaanza Januari 2027, ukiwa bado katika masomo ya mwaka wa kwanza. Wengi husubiri masomo hayo yaishe kwanza, na hapo ndipo mwaka mzima unapopotea.

Nimeuweka ukusanyaji wa data kwenye muhula wa kwanza kwa makusudi. Muhula wa tatu haufai, kwa sababu mitihani ya UCE, ya kidato cha nne, huanza Oktoba na ya UACE, ya kidato cha sita, Novemba, na madarasa mengine yanajiandaa kwa mitihani ya kupanda darasa. Hakuna mkuu wa shule atakayekupa vipindi vinne vya kujaribu mbinu mpya wakati huo. Muhula wa pili uwe akiba, endapo vibali vitachelewa. Hata katika muhula wa kwanza, usiguse wiki mbili za mwanzo, kwani wanafunzi bado wanatafuta karo, na usichague kidato cha kwanza wala cha tano, ambao hujiunga wakichelewa kwa kusubiri matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na ya UCE. Kidato cha pili na cha tatu ndio salama. Kama huwa unaitwa kusahihisha mitihani ya UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Taifa, katika likizo ya mwisho wa mwaka, amua mapema kama utakwenda mwaka huo. Malipo yake yanasaidia, lakini likizo hiyo ndiyo ndefu kuliko zote.

Hatua ya 3: Weka fedha na ruhusa kwa maandishi

Tangu Julai 2022, walimu wa sayansi na hisabati wenye shahada katika shule za serikali wamekuwa wakilipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi kabla ya makato, na benki zinalijua hilo vizuri mno. Lipa ada kwa muhula badala ya kukopa fedha ya miaka miwili kwa mkupuo, na utenge kando gharama za utafiti: ada ya kamati ya maadili, uchapaji, usafiri na kujalidi. Mweleze mkuu wa shule mpango wako kabla ratiba haijapangwa, umwombe mkuu wa taaluma akukusanyie vipindi katika siku tatu au nne, kisha uyaandike makubaliano hayo katika barua.

Hatua ya 4: Tafuta mada ndani ya madaftari

Mada kama "Mambo yanayoathiri ufaulu wa hisabati Uganda" ni pana mno na imeandikwa mara nyingi. Kusanya madaftari ya darasa moja uangalie kosa linalojirudia. Chukua mfano wa mwanafunzi wa kidato cha pili anayeandika −3 − 5 = 8. Ukimuuliza, atakujibu kwa kujiamini kwamba hasi na hasi ni chanya: kanuni ya kuzidisha ameihamishia kwenye kutoa. Hapo tayari una swali la utafiti: kosa hili limeenea kiasi gani, linatokana na nini katika ufundishaji, na je, kutumia mstari wa namba kunalipunguza? Kama unachunguza maswali ya hisabati yanayoandikwa kwa maneno, uchanganuzi wa makosa wa mtafiti Newman wa mwaka 1977, wenye ngazi tano za kusoma, kuelewa, kugeuza, kukokotoa na kuandika jibu, utakupa kiunzi cha uchambuzi kilichokwisha kupimwa.

Hatua ya 5: Usinakili fomula ya sampuli

Tasnifu nyingi hutumia fomula ya Yamane, n = N ÷ (1 + Ne²), ambapo n ni ukubwa wa sampuli, N ni idadi ya wote na e ni kosa linalokubalika. Kwa wanafunzi 200 na kosa la 0.05, jibu ni 133, na mwandishi anaendelea na mambo mengine. Lakini fomula hiyo inachukulia kwamba kila mwanafunzi amechaguliwa peke yake kwa nasibu, ilhali wewe utachukua madarasa mazima. Wanafunzi wa darasa moja wana mwalimu mmoja, hivyo hufanana. Kama uwiano wa kufanana huko ni 0.1 na darasa lina wanafunzi 40, mtawanyiko (variance) wa makadirio unaongezeka mara 1 + 39 × 0.1, yaani 4.9, hivyo wanafunzi 200 kutoka madarasa matano wanabeba taarifa inayolingana na ya wanafunzi 41 hivi waliochaguliwa kwa nasibu. Ni afadhali uwe na madarasa mengi yenye wanafunzi wachache kutoka kila moja, au ufanye utafiti wa kina wa madarasa mawili bila kudai kwamba unaisemea wilaya nzima. Mtahini atalibaini hili upesi, na mwalimu wa hisabati hana kisingizio.

Hatua ya 6: Anza vibali mapema

Utahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, na uulize chuoni kama kazi yako inapaswa pia kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18, mzazi atoe ridhaa na mwanafunzi mwenyewe akubali. Fomu ya mzazi iwe katika lugha anayoisoma, iwe Kiganda, Kiacholi au Kiswahili, na ihesabiwe katika bajeti.

Hatua ya 7: Andika kila wiki, hata nusu ukurasa

Tunza marejeo katika Zotero, programu ya kuhifadhi marejeo, tangu makala ya kwanza, na ujifunze LaTeX, mfumo wa kuandika maandishi yenye fomula, wakati wa masomo ya mwaka wa kwanza kama tasnifu yako ina milinganyo mingi. Mpelekee msimamizi sura moja moja pamoja na maswali mawili au matatu mahususi, kisha mpange tarehe ya mrejesho kabla hamjaachana. Baada ya kukabidhi, tasnifu huenda kwa watahini wa ndani na wa nje, ambao wanaweza kuchukua miezi kadhaa. Weka data ghafi na madaftari ya uchambuzi mahali unapoweza kuyafikia hadi siku ya utetezi, maana maswali yao mengi yatakurudisha huko.